Mahesabu ya Shamba Nayo ni Kazi ya Bwana

Masomo: Luka 14:28-30, 2 Wakorintho 8:16-22



Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, swali moja limekuwa likitufikia hata mlangoni pa kanisa: kama ipo fedha ya mbegu za shamba la watoto, kwa nini watu walale njaa? Ni swali la haki. Hatutalijibu kwa kukemea.

Katika Luka, Bwana anasema habari za kumfuata Yeye, na mfano anaouchukua ni wa mtu anayeketi kwanza ahesabu gharama za mnara, asije akaacha msingi mtupu na kuchekwa. Shamba la kufundishia watoto ni mnara wa namna hiyo. Kulianza si kazi kubwa. Kazi ni mwaka wa tatu.

Tutoe mfano wa mbali. Huko Uingereza, mwaka 1976, mwalimu wa shule ya msingi Michael Morpurgo na mkewe Clare walianzisha shirika la hisani liitwalo Farms for City Children, katika nyumba ya Nethercott, jimbo la Devon. Watoto wa mijini, wengine hawajawahi kumgusa ng'ombe, huja na walimu wao kwa juma moja. Hulisha nguruwe, huokota mayai, hupalilia bustani. Fedha ya mwanzo ilitoka katika urithi wa Clare, ambaye baba yake, Allen Lane, ndiye aliyeanzisha kampuni ya vitabu ya Penguin. Baadaye yaliongezwa mashamba mengine, huko Wales na Gloucestershire.

Sasa sikilizeni jambo la fedha. Urithi hununua nyumba, haulishi nguruwe kila asubuhi kwa miaka hamsini. Ada inayotoka shuleni haitoshi gharama ya mtoto mmoja, nao wanajua hivyo. Wakiipandisha hadi itoshe, watoto wa maskini hawatakuja, na hao ndio waliokusudiwa. Kwa hiyo kila mwaka wanaomba sadaka za watu kuziba pengo. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule, watoto hawakuweza kuja. Ada ikakatika, lakini mnyama hajui kwamba wageni hawakuja. Anataka kula. Ndiyo sababu shirika la namna hiyo huweka akiba, hata kama mtu wa nje akiiona atasema, "Mbona hawa wanazo?"

Tena sheria ya nchi ile inawadai wapeleke mahesabu kwa tume ya serikali, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Fedha iliyotolewa kwa jambo moja haiendi kwa jingine kwa sababu tu kiongozi ameona vema.

Wengine kwetu husema, fedha ya Mungu haihesabiwi. Paulo hakusema hivyo! Alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito, na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na mwingine tena. Alitaka mtu asipate la kuwalaumu, mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Yeye aliyeandika sana juu ya neema ndiye aliyekataa kubeba mfuko peke yake. Mama zetu wa vikundi vya akiba wanaelewa hili kuliko wahubiri wengi: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.

Turudi kwa njaa. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa makazini. Wanajua foleni ya posho kuliko msimu wa kupanda maharage, na mashamba ya babu zao wanayasikia kwa hadithi. Tukila mbegu leo, chungu kitachemka siku mbili. Lakini hatuwezi pia kumwambia mjane aliyelala njaa asubiri mavuno. Yakobo 2:15-16 inatuzuia. Kwa mjane liko sanduku la mashemasi, na huko ndiko tuende kwanza. Likiwa tupu, basi kusanyiko lote ndilo litakaloamua kama mbegu ziguswe, mchana, kwa sauti. Mchungaji asiamue usiku na mtunza hazina, hata kwa huruma. Huruma ya siri ndiyo inayoleta manung'uniko, na mwaka unaofuata hakuna atakayetoa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada ya pili, mahesabu ya shamba yatasomwa kwa Kiswahili, mbegu kwa mbegu, jembe kwa jembe. Wazee wa kanisa watakuwa na daftari mezani. Mwenye swali alilolinong'ona nyumbani aje nalo, na vijana waliolima waje pia, maana wao ndio wanaojua ni magunia mangapi yaliyotoka shambani.