Mwanangu, Feni Usiifunge Dairekti

Mwanangu, gari likiletwa kwako linachemsha na feni haizunguki, dawa ya haraka unaijua hata kabla hujafungua boneti. Unatafuta waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa, unaurefusha hadi kwenye feni, unazungusha solotepu, basi. Feni inavuma, mteja anatoa hela na kuondoka. Dakika kumi. Magari kibao mjini yanatembea hivyo, na wapo mafundi wenye mvi kama zangu ambao hawajui njia nyingine.

Nakusihi usijizoeze. Feni iliyogoma inakwambia kuna kitu kimekufa: fyuzi, rilei, swichi ya joto, waya au mota yenyewe. Ukiifunga dairekti umemnyamazisha shahidi, kesi iko palepale.

Piga hesabu kidogo. Mota ya feni ya wati 240 kwenye volti 12 inakula ampea 20, na ule mkupuo wa kuanza kuzunguka unapita hapo mara mbili na zaidi. Swichi ya funguo haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Itavumilia mwezi, itavumilia miwili, plastiki inalainika ndani, hatimaye gari linazimika katikati ya barabara. Fundi atakayeitwa atahangaika na pampu ya mafuta kutwa nzima, maana nani atakumbuka feni?

Halafu kuna lile balaa la pili, la kutoa thermostati. Ikishatolewa, na feni inazunguka tangu ufunguo unapowashwa, injini haipati joto lake. Mpeleke mwenye gari hilo Njombe asubuhi ya mwezi wa saba uone: mshale haupandi, kompyuta inadhani injini bado ya baridi na inaendelea kumwaga petroli. Mteja analalamika gari linakunywa, anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli. Ugonjwa uko mbele kwenye rejeta, pale ulipopasifu kwamba feni inafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, hizi Corolla unazoziona kila siku, zina swichi ya joto iliyofungwa kwa akili sana. Injini ikiwa ya baridi swichi inapeleka arthi, rilei inavuta, na kwa kuvuta inakata moto wa feni. Maji yakifika nyuzi 93 hivi, swichi inaachia, rilei inalegea, feni inazunguka. Maana yake waya wa swichi ukikatika, feni inazunguka badala ya kulala. Mjapani alitaka ubovu uelekee upande wa usalama. Basi washa ufunguo, chomoa soketi ya swichi ile. Feni ikizunguka, mota nzima, fyuzi nzima, rilei nzima. Mgonjwa ni swichi, au maji hayaifikii. Isipozunguka, rudi nyuma kwenye fyuzi na rilei, kisha ipe mota moto wake moja kwa moja kutoka betri uione inavyojibu. Magari mengine mengi yanakwenda kinyume, swichi inafunga ikipata joto, na huko kuchomoa soketi hakukuonyeshi kitu. Jua gari ulilonalo kabla hujatoa hukumu.

Na usiilaumu feni kwa dhambi ya mfuniko. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu na 94. Mfuniko mzima wa rejeta unashikilia presha na kusukuma kiwango hicho kupita 110. Raba yake ikifa, maji ya Mbeya yanaanza kutokota wakati swichi ya feni ndiyo kwanza inaamka. Nimeona hedi zikifunguliwa kwa sababu ya mfuniko.

Sasa tuseme nyaya za kiwandani zimeharibika kabisa, au mtu kaleta feni ya mtumba unaifunga upya. Chukua rilei ya miguu minne. Namba zimechapwa chini yake, zisome. 30 inapata moto kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inakwenda kwenye feni. 86 inapata moto wa funguo, ili gari likizimwa feni isiendelee kunyonya betri. 85 inakwenda kwenye swichi ya joto ya aina ile inayofunga ikipata joto, na swichi inaipeleka arthi. Koili ya rilei inakula chini ya robo ya ampea, kwa hiyo swichi ya joto na swichi ya funguo zinastarehe, mzigo wote unapita 30 na 87. Rilei ikiwa na mguu wa tano katikati, 87a, usiuguse kwa kazi hii. Huo una moto wakati rilei imelala.

Waya ndiyo sehemu nitakayokugombeza. Waya mwembamba wa spika wa milimita moja ya mraba, urefu wa mita tatu, ukipitisha ampea 20 unapoteza volti nzima njiani, na wati 20 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe, nyuma ya taa, karibu na plastiki. Feni inazunguka kwa uvivu na waya unaiva. Weka wa milimita nne za mraba. Hasara inashuka hadi kama robo ya volti. Fyuzi iwe ya ampea 30, ile ya kijani, na ikae jirani kabisa na betri, shubiri moja tu. Kumbuka fyuzi hailindi feni, inalinda waya. Kipande chochote kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikisuguana na bodi ni moto wa kweli. Na yule anayefunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya sigara, mwombee, lakini usimwige.

Maungio usiyasokote na kuyavika solotepu. Joto la injini linayeyusha gundi, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuotesha kutu ya kijani. Bana terminali kwa koleo lake, vuta kwa mkono uone kama inashika, visha bomba la kusinyaa. Arthi ya feni ipeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu ya plastiki ya taa, kama nilivyokuta juzijuzi kwenye gari la watu.

Ukimaliza, weka pembeni ile testa ya taa. Inawaka hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja, kwa sababu yenyewe ina mzigo mdogo sana. Chukua multimita, pima kwenye soketi ya feni wakati feni inazunguka, kisha pima kwenye nguzo za betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna ungio linakula moto. Lifuate kwa kidole, utalikuta kwa joto lake. Kisha shika kipande cha risiti mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma lazima ikivute kikagande kwenye mapezi. Ikikisukuma, umegeuza nyaya na panga zinapiga hewa kinyume, inashindana na upepo wa barabarani. Kosa hilo halionekani kwa macho, kwa sababu feni inazunguka na kuvuma kama kawaida.

Sikatai kwamba dairekti ina siku yake. Feni imekufia kwenye mlima wa Kitonga, uko nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakuna upepo wa kuingia kwenye rejeta, na kuna watoto ndani. Funga, lakini weka fyuzi, na ukifika Iringa ufungue. Swichi ya kwenye dashibodi nayo naikubali kama msaidizi wa swichi ya joto. Ikiachwa peke yake inategemea dereva akumbuke, na dereva anaongea na simu.

Ila wale wanaong'oa feni ya mkanda kwenye pikapu ya kubeba mizigo ili waweke ya umeme kwa kuwa inapendeza, waambie ukweli kwamba ile ya mkanda huenda inavuta hewa nyingi kuliko hiyo wanayoinunua. Wakikasirika, waende.

Bei utaulizwa. Mteja atakwambia fundi wa jirani anataka robo ya hiyo. Mwonyeshe rilei, fyuzi na waya juu ya meza, mtajie kila kimoja na bei yake, usimtishe wala usimtukane jirani. Wengine wataondoka. Kati ya hao wapo watakaorudi, na wapo usiowaona tena.

Gari usilikabidhi kabla feni haijawaka na kuzima yenyewe mara mbili, mfuniko ukiwa umefungwa na kiyoyozi kimezimwa, maana kwenye magari mengi kiyoyozi kinaiwasha feni hata kama swichi ya joto imekufa, nawe ukaondoka umeridhika bure. Mikono iwe mbali, mikono ya shati iwe imekunjwa. Fyuzi moja ya akiba, ya kijani ileile, iache kwenye droo ya dashibodi, na mwambie mwenye gari kwamba hiyo ikiungua nayo asitafute kubwa zaidi, akupigie simu.