Shauri Baada ya Uhudi

Ndugu zangu katika imani, leo nasema hasa na wale ambao Mwenyezi Mungu amewaweka juu ya wenzao kazini: mkuu wa idara, msimamizi wa zamu, mwenye duka, bosi wa karakana. Mmoja wao husema kikaoni, "Mwenye neno na aseme." Kikao kizima kinanyamaza, naye anakwenda zake akidhani watu wameridhika.

Kisa cha shauri katika vita vya Badri mnakijua. Hubab bin Mundhir alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama pale walipopiga kambi ni amri ya wahyi au ni rai ya vita tu. Alipojibiwa kuwa ni rai, akasema hapafai, tusogee hadi kwenye kisima kilicho karibu na adui. Wakahama. Sisi wenye kupanda mimbari tunakipenda kisa hiki kwa kuwa kiliishia kwa ushindi. Lakini kukubali rai iliyokuletea ushindi si mtihani mkubwa.

Mtihani ulikuja katika vita vya Uhudi, mwaka wa 3 Hijria. Rai ya Mtume mwenyewe ilikuwa kubaki Madina na kumngojea adui humo. Vijana, hasa waliokosa kushiriki Badri, wakashikilia kutoka. Akawakubalia, akavaa deraya. Yaliyofuata yanauma hadi leo: wapiga mishale wengi waliiacha nafasi yao mlimani, Waislamu wapatao 70 wakauawa, Hamza miongoni mwao, na Mtume akajeruhiwa usoni, jino lake likavunjika.

Hebu mweke bosi wa leo mahali hapo. "Si niliwaambia?" Tangu siku hiyo hamwulizi mtu kitu, na nani atamlaumu? Sasa zingatieni aya ya 159 ya Aal Imran, iliyoshuka katika habari za vita hivyo hivyo. Inamtaka Mtume awasamehe, awaombee maghufira, kisha ashauriane nao. Watu wale wale! Na inamweleza kwamba lau angekuwa mkali, mwenye moyo mgumu, wangemkimbia. Akishaazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Maana uamuzi bado ni wa kiongozi, na aliyeacha nafasi yake mlimani hakuambiwa kuwa alifanya vyema.

Mfanyakazi mwenye hofu hakimbii kwa miguu. Anabaki, anasaini daftari la mahudhurio, anafunga mdomo. Muuguzi anaona dozi imezidi, anakumbuka alivyofokewa wiki jana, anaichoma hivyo hivyo. Mtunza ghala anajua hesabu haiendi, anamwachia mkaguzi agundue mwenyewe. Amy Edmondson wa Harvard, alipotafiti wodi za hospitali Marekani miaka ya 1990, alishangaa kukuta timu zenye maelewano mazuri ndizo zilizoripoti makosa mengi ya dawa. Akaja kuona sababu: hawakuwa wakiyaficha.

Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu utotoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kuguniwa hata "ah!" wala kuulizwa kwa nini umefanya hili. Sisi na tarishi wetu tungemaliza wiki?

Basi Jumatatu, atakayekuletea habari mbaya mshukuru kwanza, ndipo uulize hasara. Mwenye kosa mwite pembeni, usimuumbue kwenye kundi la WhatsApp ambamo hata mlinzi wa getini yumo. Na yule ambaye rai yake ya mwaka jana iliwatia hasarani, anayeketi nyuma kikaoni tangu siku ile, mwulize yeye kwanza, tena mbele ya wenzake.