Je, Mgonjwa Aambiwe Ukweli?

Ndugu msomaji, swali hili twaulizwa mara kwa mara, hasa na wale waliojiunga na Uislamu karibuni na wale wanaouchunguza. Mzazi au mtoto akipatwa na ugonjwa mzito, je, rehema ni kumficha au kumweleza? Wengine hutuambia: "Dini yenu yakataza uongo, lakini kumpa mgonjwa habari ya kutisha si ukatili?" Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza tutazame jambo lenyewe jinsi linavyotokea. Chukua mfano wa mzee mkulima wa alizeti katika wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Tumbo lamsumbua kwa miezi mingi. Wanawe wauza mbuzi, wampeleka hospitali ya mkoa, kisha Dodoma, na mwisho Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilometa 700 hivi. Daktari ataka kusema, lakini mwana mkubwa amvuta kando na kumwomba: "Tafadhali, mzee asiambiwe." Basi mzee aambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo. Watoto walioko Arusha na Mwanza wapigiwa simu, na kila mmoja aonywa afunge mdomo wake. Tangu siku hiyo, mzee akitokea mlangoni, mazungumzo hukatika.

Wafanyao hivi hawana nia mbaya. Upendo ndio uwasukumao. Hata hivyo, mti hujulikana kwa matunda yake. Mzee aona dawa za vidonda hazimponyi, wala hajui sababu. Mahali palipokosa ukweli ramli huingia. Mganga huitwa, na kidole huelekezwa kwa bibi kizee jirani asiye na kosa lolote. Tena, miongoni mwa Wanyaturu iko desturi ya kuweka ng'ombe kwa jamaa na marafiki walio mbali, na mara nyingi mwenyewe ndiye ajuaye vizuri ni wangapi na wako kwa nani. Akifa bila kudhani kwamba kifo ki karibu, yatima wake watadai nini, na kwa ushahidi gani? Madeni, amana, na ugomvi wa miaka mingi baina yake na ndugu yake, vyote huzikwa pamoja naye. Kurani Tukufu (2:181) yaagiza wasia mauti yanapomkaribia mtu. Amri hiyo itatekelezwaje na mtu ambaye wanawe wenyewe wamemfumba macho? Basi kumficha si kumpunguzia mzigo. Ni kumnyang'anya haki yake.

Kurani Tukufu (33:71) yatutaka waaminio tuseme kauli sadidi, yaani neno lililonyoka, lisilo na kombo ndani yake. Lakini Uislamu haukutuachia amri tupu. Umetupa na mfano. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 632, alimwita binti yake, Bibi Fatima r.a., akamnong'oneza, naye akalia. Kisha akamnong'oneza tena, naye akacheka. Bibi Aisha r.a. alipomwuliza, hakutoa siri ya baba yake. Baada ya Mtume s.a.w. kufariki ndipo alipoeleza: mara ya kwanza alimwambia kwamba atafariki kwa ugonjwa ule, na mara ya pili kwamba yeye atakuwa wa kwanza katika jamaa zake kumfuata.

Hapa pana mafunzo matatu. Kwanza, mpendwa aliambiwa ukweli, ingawa ulimliza. Pili, aliambiwa faraghani, na siri ikatunzwa. Habari za mgonjwa ni zake, si za kutangazwa kisimani wala sokoni. Tatu, faraja ilifuata ukweli, nayo pia ilikuwa kweli. Faraja iliyojengwa juu ya uongo huanguka siku mgonjwa anapogundua, na huanguka pamoja na imani yake kwa jamaa zake.

Na mtoto je? Wengi husema, "Huyu ni mdogo, haelewi." Mtoto husoma nyuso kabla hajajua kusoma herufi. Asipoelezwa, hujitungia maelezo, na pengine hudhani kwamba mama anaugua kwa sababu ya utundu wake. Kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba walio na umri wa shule waelezwe hali yao, na wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua kadiri ya ufahamu wao. Anayemeza vidonge kila siku bila kujua sababu, siku moja atavitupa. Tena Kurani Tukufu (37:103) yasimulia jinsi Nabii Ibrahim a.s. alivyomweleza mwanawe ndoto yake nzito, kisha akamtaka maoni yake. Hapakuwa na ugonjwa hapo, lakini adabu ni ile ile: baba hakumficha mwana jambo lililohusu maisha yake mwenyewe.

Huenda mtu akasema: "Ukweli utamwondolea tumaini." Twajibu: tumaini la mwaminio limo katika Mwenyezi Mungu, si katika ujinga. Kueleza ugonjwa ni jambo moja. Kutaja siku ya kufa ni jambo jingine, kwani hilo alijua Mungu peke yake. Mwaka 1907, Mubarak Ahmad, mwana mdogo wa Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliugua sana. Baba yake alimwuguza kwa dawa na kwa dua, bila kuchoka. Mtoto alipofariki, mwenye umri wa miaka 8, yeye ndiye aliyewafariji wengine. Kujitahidi na kuridhia vilikaa katika moyo mmoja.

Basi, ndugu, mwulize mgonjwa kwanza: "Baba, wapenda kujua kiasi gani?" Akisema hataki, usimlazimishe, kunyamaza si uongo. Akiuliza, usimdanganye. Sema machache, kwa upole, umeketi karibu naye, kisha msikilize.

Na wewe uliyesilimu hali wazazi wako wangali katika dini yao, usidhani kwamba imani imekutenga na kitanda chao. Kurani Tukufu (31:16) yakuagiza ukae nao kwa wema hata kama hamkubaliani katika ibada. Kaa na mama yako, umnyweshe uji, umwambie ukweli aulizapo. Huenda hilo likamweleza Uislamu kuliko mahubiri yako yote.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujalie ndimi za kweli na mioyo ya huruma. Amin.