Binti Watano Mlangoni pa Hema



Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, twasoma habari za binti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa jangwani pasipo kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile jina lake na fungu lake vingepotea. Binti hawa hawakukaa hemani kunung'unika. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakaeleza shida yao na kutaja wazi walilolitaka. Musa hakuwa na jibu. Lakini hakuwafukuza, wala hakubuni jibu ili kulinda heshima yake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akawapa haki.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo ambalo akina mama wengi hawapendi kulitaja kanisani, nalo ni uvimbe katika titi, na aibu inayotufunga midomo mbele ya daktari.

Sisi tulifundisha kwa miaka zaidi ya 30, na miaka ya mwisho tulikuwa katika chuo cha ualimu. Twakiri kwamba tuliwafundisha vijana wengi kuwa mtoto mwenye adabu husikiliza tu, hamwulizi mkubwa mara ya pili. Hatukuona ubaya wa fundisho hilo mpaka siku tulipokaa sisi wenyewe mbele ya daktari. Tulikuwa tumegundua uvimbe wakati wa kuoga, mgumu, mdogo kama punje ya hindi, usiouma. Daktari alikuwa kijana, na foleni ilifika hata nje. Aligusa kidogo, akasema ni mafuta tu, turudi ukianza kuuma. Tukaitikia, "Asante, daktari," tukaondoka. Tulikuwa na maswali matatu mdomoni, yote tukayameza. Mwalimu wa walimu alishindwa kunyoosha mkono!

Miezi minne ikapita. Siku moja baada ya ibada tulimweleza mwenzetu mmoja, mama auzaye kanga Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo. Alituuliza swali moja tu: "Mwalimu, alijuaje kuwa ni mafuta?" Tukakosa la kujibu. Ndipo akatueleza habari za dada yake, aliyeambiwa asubiri, naye akasubiri kwa utii mwaka mzima, mpaka akazikwa. "Mimi mteja akinipa noti," alisema, "hata awe mtu mzima wa heshima, naiinua kwenye mwanga. Simtukani. Natazama noti." Jumatatu hakufungua meza yake, akaenda nasi.

Tulimkuta daktari yule yule. Kwa sauti ya kutetemeka tulisema, "Daktari, uvimbe huu sasa una miezi minne, nao umekua. Je, iko njia ya kuwa na hakika pasipo kuchukua kinyama na kukipima?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, hapa kwetu kipimo hicho hatuna," akaandika barua ya rufaa. Kumbe hakutudharau! Hakuwa na kipimo, na aliona haya kusema. Lakini alipoulizwa, alifanya kama Musa, akalipeleka shauri mahali palipo juu yake. Majibu yaliporudi yalikuwa saratani, ingali ndogo. Tulipasuliwa, tukatibiwa, na huu ni mwaka wa sita.

Basi, ndugu, na tulielewe jambo hili. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hakuna haja ya kulia kabla ya msiba. Lakini vidole peke yake haviwezi kutoa hakika. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, kwa hiyo kungoja maumivu ni kungoja ugonjwa ukomae. Ultrasaundi na mamografia huonyesha uvimbe; kinyama ndicho kinachothibitisha. Mgonjwa hupigwa ganzi, kipande kidogo hutolewa kwa sindano, na mtaalamu wa maabara hukitazama kwa darubini. Yeye husema kama ni saratani, na ni ya namna gani, ili matibabu yachaguliwe sawasawa. Wengine husema ugonjwa ukiguswa na chuma husambaa. Sivyo, saratani husambaa yenyewe ikiachwa.

Hapa Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike hospitali mpaka ajue ugonjwa wake zisizidi siku 60. Sisi wa Upanga tu majirani wa Muhimbili, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Hata hivyo ujirani huo hautafaa kitu tukiwa mabubu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Je, tuseme nini tukifika? Tueleze uvimbe ulianza lini, na umebadilikaje. Tusifiche ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, wala tezi la kwapani. Tuulize: "Daktari, unadhani ni nini, na tutathibitishaje?" Akisema tusubiri, pengine ana sababu njema, lakini tuombe tarehe ya kurudi, na iandikwe kwenye cheti. Asiporidhika mgonjwa, aombe barua ya rufaa kwa upole. Kinyama kikichukuliwa, tuyafuate majibu mpaka yapatikane, nasi tubaki na nakala. Tena mtu asiende peke yake, maana mwenye hofu husikia nusu ya maneno. Ninyi akina baba, msiseme hayo ni mambo ya wanawake; mshike mkono mkeo, ukae naye kwenye foleni.

Wako wanaodhani kwamba kumwuliza daktari ni utovu wa adabu, na wengine kwamba ni upungufu wa imani, kana kwamba ingetosha kuomba na kunyamaza. Lakini tazameni mahali waliposimama binti za Selofehadi. Hawakusimama sokoni wala penye ugomvi. Walisimama mlangoni pa hema, mahali pa sala. Kuuliza kwao kulikuwa mbele za Mungu, naye hakuwakemea. Walimheshimu Musa kwa kumwambia kweli.

Kama yuko dada asomaye haya naye ana uvimbe aliouficha chini ya kanga, twamsihi asingoje toleo lijalo la gazeti hili. Na aje atuone baada ya ibada Jumapili, au amwone mama wa kanga. Jumatatu tutakwenda pamoja.

Bwana awape ujasiri wa kusimama mlangoni. Amina.