Subiri Baba, Nimalize Hili Moja



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tuongelee kitu ambacho huenda hujawahi kukitaja kwenye kitubio: Sudoku. Wengi mnaijua. Visanduku 81, namba 1 hadi 9, na hakuna namba inayoruhusiwa kujirudia kwenye mstari, kwenye safu wala ndani ya mraba wake. Haihitaji bando. Haina matusi, haina picha mbaya, wala haikuli hela kama mikeka ya kubeti. Ndiyo maana nimeichagua. Kuhusu kubeti tumeshahubiriwa sana. Swali langu ni gumu kidogo: je, kitu kisicho na ubaya ndani yake kinaweza kunitawala?

Naanza na kisa changu. Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nyumbani, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mnaotoka Simiyu mnajua wakati huo habari ni pamba tu. Baba alikuwa ameuza kwa awamu tatu, kila awamu na stakabadhi yake, na kulikuwa na deni la dawa za kupulizia la kutoa. Usiku akaja na karatasi zake na tochi. Baba huniita "Frateri" siku akiwa na shida na mimi. Akasema, "Frateri, hebu niangalizie hizi hesabu, macho yangu hayaoni vizuri." Nilikuwa nimebakiza visanduku kama sita. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Subiri baba, nimalize hili moja."

Nilipomaliza, likaja jingine. Nilipokuja kushtuka, baba alishalala. Asubuhi nikamuuliza zile karatasi ziko wapi. Akasema, kwa upole tu, "Ziko tayari, mwanangu. Alinisaidia yule kijana wa jirani." Kijana wa jirani yuko kidato cha pili. Mimi nina shahada ya falsafa. Nilikuwa nachezea namba za bure wakati namba za jasho la baba yangu, zile zilizonilipia ada, zikipelekwa nyumba ya pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hii kitu inatuvutia kwa nini hasa?

Haikuanza jana. Mmarekani mmoja msanifu majengo, Howard Garns, ndiye anayetajwa kuwa alitunga fumbo la namna hii, likachapishwa mwaka 1979. Wajapani wakalipenda na kulipa jina tunalolitumia. Baadaye jaji mstaafu kutoka New Zealand, Wayne Gould, aliliona kwenye duka la vitabu Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka kadhaa kuandika programu ya kuyatengeneza, na mwaka 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Kutoka hapo dunia nzima ikashikwa, mpaka na mimi huku Bariadi.

Nadhani siri yake ni ahadi. Kila fumbo lililotengenezwa vizuri lina jibu moja, moja tu, na jibu hilo lipo hata kabla hujaanza. Ukikwama, unajua kosa ni lako, siyo la fumbo. Sasa linganisha na maisha. Umemaliza chuo, ajira hakuna. Mvua imegoma. Mama anaumwa, na kila hospitali inasema lake. Nani amekuahidi kwamba hapo kuna jibu moja, na kwamba utalipata ndani ya dakika kumi? Hakuna. Ndiyo maana tunakimbilia visanduku.

Usinielewe vibaya. Furaha ile ya namba ya mwisho kukaa mahali pake siyo ya shetani. Mungu ametuumba na akili inayotamani ukweli na mpangilio, na akili ikipata inachotafuta lazima ifurahi. Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na inahitaji mchezo ili ipumzike. Kwake yeye, hata mtu asiyejua kabisa kucheza ana kasoro. Kwa hiyo nikikuambia "futa hiyo gemu, ni dhambi", nitakuwa nimekudanganya.

Kuna atakayesema: mbona wazee wetu wanashinda kwenye isolo, bao letu la Kisukuma, na hatuwaiti walevi wa mchezo? Ni hoja nzuri. Kwanza, tuwe wakweli, wapo mabibi waliolalamika sana kuhusu hilo bao. Lakini ipo tofauti. Bao lina mtu upande wa pili. Anakutania, anakuuliza habari za nyumbani, na ukipigwa mwano wa msiba wote wawili mnanyanyuka. Sudoku ya kwenye simu haina mtu wa kukunyanyua. Ukimaliza moja, nyingine iko tayari.

Basi nikaamua dawa ni rozari. Kila nikitamani kucheza, nasali makumi. Wiki ya kwanza nilijisifu kweli. Wiki ya pili nikagundua jambo la aibu: nilikuwa nasali rozari kama ninavyocheza Sudoku. Nahesabu, nakimbia, nimalize, nijisikie nimekamilisha. Mama Maria naye nimemgeuza kisanduku cha kujaza! Hapo ndipo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa kwenye simu. Tatizo ni moyo unaotaka vitu vinavyoisha, kwa sababu unaogopa vile visivyoisha. Baba yangu haishi. Huwezi "kummaliza" mzazi, wala rafiki, wala Mungu. Unakaa naye tu.

Wanahisabati wameonyesha, mwaka 2012, kwamba fumbo la Sudoku likipewa namba chini ya 17 haliwezi kuwa na jibu moja tu. Nikawaza: maisha ya wengi wetu yana namba chache kuliko hizo. Akili peke yake haitoshi kujaza kilichobaki. Hapo ndipo imani inapoanza. Simaanishi kubahatisha. Namaanisha kumtegemea Yeye anayeona jedwali lote.

Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata kilicho halali hatakiruhusu kimtawale (1 Kor 6:12). Sasa utajuaje kama umetawaliwa? Mimi natumia kipimo kimoja: mtu akiniita katikati ya mchezo, ninaweza kuuacha bila kumaliza? Kama siwezi, mimi ndiye ninayechezwa. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyependa kompyuta, inasimuliwa alijiwekea saa moja tu ya gemu kwa wiki. Hakuzichukia. Alikataa tu kuwa mtumwa wake.

Wiki hii nakupa zoezi dogo. Anza fumbo, fika katikati, kisha liache makusudi. Zima simu, nenda ukakae na mtu mmoja wa nyumbani kwenu, bila ajenda. Utawashwa, najua. Ule muwasho ndio wa kumpelekea Yesu.

Mimi juzi nilimpigia baba simu. Nikamwomba anisomee zile kilo za pamba, awamu moja baada ya nyingine. Akacheka, "Mbona zilishajumlishwa, Frateri?" Nikamwambia nisomee tu, baba.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeacha safari yako mara nyingi ili umsikilize mtu mmoja aliyekuita njiani, utufundishe kuinua kichwa tunapoitwa. Amina.

Tuombeane.