Mtaji bila hesabu ni kupoteza amana



Kila likizo ya shule inapokaribia, wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, Tanga na Unguja mjini hupigiwa simu kutoka nyumbani. Mdogo wetu aliye sekondari anaomba mtaji kidogo afanye biashara. Tunatuma. Likizo inakwisha, mtaji nao umekwisha, na hakuna anayeuliza umekwenda wapi. Tunasema riziki anagawa Mwenyezi Mungu. Ni kweli anagawa Yeye. Lakini je, ni haki kumsingizia Mola wetu kila hasara iliyotokana na kutojua hesabu?

Tuchukue mfano wa Makangale, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, kijiji cha wavuvi na wakulima. Ukitoka huko kwenda Konde unapita ndani ya msitu wa Ngezi. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha tatu ametumiwa Sh. 50,000. Tarakimu ni za mfano tu. Asubuhi anakwenda dikoni, ananunua samaki wa 40,000, anapeleka Konde na kuuza kwa 52,000. Anafurahi: faida 12,000! Jioni anatumia 5,000 na kuona amejibana.

Lakini nauli yeye na mzigo ni 6,000, na barafu 3,000. Faida yake ya kweli ni 3,000. Kwa kutumia 5,000 amekula 2,000 ya mtaji bila kujua. Kesho yake ana 48,000 mkononi na anahitaji 49,000. Biashara imeanza kufa siku ya pili, na mwenyewe anadhani inakwenda.

Tuendelee. Hata asipotumia senti, akapata 3,000 kwa siku tatu, siku ya nne vyombo vyote vimevua vizuri, samaki wamejaa, anauza kwa 42,000. Amepata hasara ya 7,000. Kwa siku nne amebakiwa na faida ya 2,000, yaani Sh. 500 kwa siku. Huko ndiko kuipima biashara: huangalii siku njema peke yake, unaweka na siku mbaya ndani ya hesabu.

Je, aiache? Si lazima. Akishirikiana na mwenzake kulipia gari, kila mmoja akatoa 3,000, siku njema atapata 6,000 na siku mbaya hasara itakuwa 4,000. Kwa siku nne zile zile atapata 14,000 badala ya 2,000. Mtaji haukuongezwa hata shilingi. Kilichoongezeka ni akili, na akili hiyo imetoka kwenye daftari.

Tusidanganywe na bei pia. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Aina ya kotonii ina bei kubwa kuliko spinosamu, lakini haivumilii joto la maji, na sehemu nyingi imekufa. Anayetazama bei tu atapanda kotonii. Anayepima atauliza kwanza: kati ya kamba nitakazofunga, ngapi nitavuna?

Ndugu zangu, haya si mambo ya dunia yaliyo nje ya dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, imeteremshwa kufundisha namna ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Sayyidna Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, ndugu yake wa Kianswari, Saad bin Rabii (r.a.), alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaanza na samli na jibini, vitu vidogo, mpaka akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Hakuona haya kuanza chini.

Na Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni aliingiza mkono katika fungu la nafaka, akakuta maji chini yake, akamkemea vikali muuzaji. Basi kijana wa Makangale ajue kwamba kuweka samaki wa jana chini na wa leo juu si ujanja wa biashara. Ni faida inayoingia mfukoni na kuunguza baraka.

Nasi watumaji tuna wajibu. Tukitoa mtaji tuseme wazi ni zawadi, ni mkopo mwema au ni mudharaba. Ikiwa ni mudharaba, tukubaliane mafungu ya faida kabla, mathalan nusu kwa nusu. Ikitokea hasara bila uzembe, mwenye mali hupoteza mali na mfanyaji hupoteza jasho lake. Kijana akizoea utaratibu huu leo, kesho hatakimbilia mkopo wa riba. Tangu mwaka 2011 ipo Amana Bank, na PBZ nayo ina huduma za Kiislamu. Lakini huko nako ataulizwa: hesabu zako ziko wapi?

Mwisho, masomo ni mtaji mkubwa kuliko ile 50,000. Biashara ya likizo ikimtoa darasani shule ikifunguliwa, hiyo ni hasara hata kama mfuko umejaa. Likizo hii, kabla hujatuma pesa, mtumie daftari. Mwambie aandike siku saba za bei ya dikoni, bei ya Konde, nauli na barafu. Akikuletea hesabu hiyo, mpe mtaji kwa moyo mkunjufu.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.