Masikio ni Amana



Twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wa mijini wamelidharau, nalo ni ukali wa spika katika harusi na shughuli zetu.

Nilikwenda Lodwar kusomesha, kisha nikapanda gari hata Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Waturkana wana mchezo wao uitwao edonga: huruka, hupiga makofi, huimba kwa vinywa vyao. Usiku wa jangwani sauti ile hufika mbali, na aliye karibu haumizwi. Kakuma ni mambo mengine. Kambi ile, iliyofunguliwa mwaka 1992, imekusanya Wasomali, Wasudani wa Kusini, Wakongo, Waethiopia na wengineo, na nilialikwa harusini kwa Waislamu wenzetu. Chini ya turubai zilisimamishwa spika mbili za kimo cha mtu, na hatua mbili mbele yake amelazwa mtoto mchanga juu ya mkeka. Nikamwomba mzee wa shughuli mtoto asogezwe. Akanijibu, “Sheikh, furaha ni ya siku moja tu.” Nikaona haya kubishana na mwenyeji wangu, nikanyamaza.

Asubuhi masikio yangu yalikuwa yavuma. Mwanafunzi akanisomea, nami nikawa sitambui kama ametamka sini au thaa. Kwa mwalimu wa Kurani, hiyo si hasara ndogo. Uvumi ule uliniondoka baada ya siku mbili. Ya mtoto yule siyajui, na kunyamaza kwangu kwanisumbua hata leo.

Yafaa tujue madhara haya huingiaje. Ndani ya kila sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno, kiasi cha 16,000, ndizo zipokeazo sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kishindo kikizidi huzichosha, kisha huziua, na zikifa kwa mwanadamu hazioti tena. Zitanguliazo kufa ni zile za sauti nyembamba, na ndiyo maana herufi kama sini, shini na thaa hupotea mwanzo, na mtu hudhani wenziwe wananong'ona. Shirika la Afya Duniani lasema sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuivumilia saa 40 kwa juma, bali ikifika 100 haki yake ni dakika 20 tu kwa juma zima. Harusi yetu huchukua dakika ngapi?

Na wasemao kuwa kupungukiwa na masikio ni uzee tu, wawatazame Wamabaan, watu wa nchi ambayo leo ni Sudani Kusini. Mwaka 1962 Samuel Rosen, daktari wa masikio wa Marekani, pamoja na wenziwe, walieleza kuwa wazee wa kabila hilo, walioishi katika utulivu, walisikia vizuri kupita wazee wa miji ya Marekani.

Atasema mtu: Mtume aliruhusu dufu harusini. Naam, aliruhusu, ili ndoa itangazwe. Lakini dufu hupigwa kwa mkono, na mkono huchoka, spika haichoki. Tena Kurani imetufundisha kuwa sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa, na Luqmani alimwusia mwanawe ateremshe sauti yake. Hata Masahaba walipopaza takbiri safarini, Mtume aliwaambia wajihurumie, kwani wamwombaye si kiziwi wala hayuko mbali.

Basi spika na ziinuliwe juu ya vichwa vya watu, ziwekwe mbali na watoto na wagonjwa, na mwenye kulazimika kukaa karibu avae vizibo vya masikio. Pamba kavu haitoshi. Ukiona wapaswa kumpigia kelele aliye kando yako ndipo akusikie, ondoka hapo upumzishe masikio. Sheria ya Kenya nayo ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na usiku kiasi kiruhusiwacho ni kidogo zaidi.

Wala tusiwalaumu wenye harusi peke yao. Darsa zetu za baada ya Isha huelekezewa mtaa mzima, na wasikilizaji ni watu ishirini waliomo msikitini. Spika za nje zatosha kwa adhana. Darsa na isikiwe na waliokuja kuisikiliza.